Ujue Uzi Kabla ya Kuununua: Somo Kutoka Kiwanda cha Kusokota Sufu



Somo letu la mara hii ni juu ya uzi. Hapa Kilungu baridi ya Juni hadi Agosti haina mchezo, na kila mtoto wa shule anahitaji sweta. Ndiyo sababu vikundi kadhaa vya akina mama, kuanzia Nunguni hadi Kikoko, vimeweka akiba, vikanunua mashine ya kufuma, na kuanza kuomba kazi kwa walimu wakuu. Kazi ni nzuri. Lakini tunapotembelea vikundi tunasikia maswali mawili yaleyale kila mahali.

La kwanza: "Mbona tunanunua uzi uleule, dukani palepale, halafu sweta hazifanani?"

La pili: "Si tufuge kondoo, tusokote uzi wetu wenyewe, tuachane na maduka?"

Ili kupata majibu, tulifunga safari pamoja na wajumbe wa vikundi vitatu, tukatembelea kiwanda kimoja cha mashine huko Bonde la Ufa kinachosokota uzi wa kufumia. Katika safari hiyo alikuwepo mwaitu mmoja, fundi wa kufuma kwa miaka mingi, na maswali yake ndiyo yaliyotufungua macho. Tunawaletea tuliyojifunza. Msilisome somo hili kwa siku moja. Someni sehemu moja kila mkutano, na anayejua kusoma awafafanulie wengine kwa Kikamba.

TUANZE NA KILE TUNACHOKIJUA

Kabla ya kuzungumza juu ya mashine, hebu mama mmoja achukue nyuzi za mkonge azisokote mbele ya kikundi, vile anavyofanya akitaka kusuka kiondo. Wengine waangalie mkono wake.

Anashika mafungu mawili ya nyuzi. Anayaweka pajani na kuyaviringisha kwa kiganja kuelekea mbele, kila fungu likijisokota peke yake. Kisha anarudisha mkono nyuma, na mafungu yale mawili yanajikunja pamoja na kuwa kamba moja. Akiiachilia, haifunguki.

Kwa nini haifunguki? Kwa sababu kila fungu linataka kujifungua upande mmoja, na kamba nzima inataka kujifungua upande wa pili. Zinashindana, na hakuna inayoshinda. Ndipo kamba inakaa imara.

Kumbukeni jambo hilo. Ndilo linalofanyika kiwandani, hata kama mashine ni ndefu kama bweni la shule. Susu zetu waliijua kazi hii bila kuingia darasani. Kule Uingereza, hadi kufikia miaka ya 1760, uzi mwingi ulisokotwa kwa mkono, mtu mmoja akitoa uzi mmoja. Ndipo James Hargreaves akabuni mashine ya kusokota nyuzi kadhaa kwa pamoja. Mashine iliongeza wingi na kasi. Maana ya kusokota ilibaki ileile.

SAFARI YA SUFU KIWANDANI

Sasa tuingie kiwandani. Tutafuata sufu tangu inapokatwa kwa kondoo hadi inapokuwa uzi dukani.

1. Kuchambua. Sufu ya kondoo mmoja haiko sawa mwili mzima. Ya mabegani ni laini na safi. Ya tumboni na miguuni ni ngumu na imejaa uchafu. Mchambuzi huitenga kwa macho na vidole. Ikichanganywa hapa, hakuna mashine ya mbele itakayoweza kuitenganisha.

2. Kuosha. Sufu mbichi ina jasho, vumbi, samadi na mafuta ya kondoo mwenyewe. Huoshwa kwa maji moto na sabuni katika mabirika yanayofuatana, na huzamishwa polepole bila kusuguliwa. Ikisuguliwa ndani ya maji moto hushikamana, ikawa ngumu kama blanketi nzee. Baada ya kuoshwa hupungua uzito sana: theluthi moja, pengine hata nusu, kulingana na aina ya kondoo na uchafu aliokuwa nao. Wekeni hesabu hiyo akilini, tutairudia.

3. Kuchana. Sufu iliyokauka hupitishwa kwenye mapipa makubwa yanayozunguka, yaliyojaa meno membamba ya waya. Meno hayo huzichana nyuzi, huziondolea takataka, na kuzilaza upande mmoja. Upande wa pili wa mashine sufu hutoka kama utando mwembamba, halafu hugawanywa kuwa tepe laini. Ukiuvuta utepe huo unakatika mara moja, maana bado haujasokotwa.

4. Kusokota. Hapa utepe huvutwa ukawa mwembamba, husokotwa, na kuviringishwa kwenye bobini, yote kwa wakati mmoja. Vijiti vya kusokotea husimama kwa mstari mrefu na kuzunguka maelfu ya mara kwa dakika. Wafanyakazi hutembea huku na huku wakiunga nyuzi zilizokatika. Kelele ni nyingi hata watu huongea kwa ishara.

5. Kuunganisha. Uzi mmoja mmoja huunganishwa na mwenzake, mbili, tatu au nne pamoja, na husokotwa tena kwa kuelekea upande wa pili.

Mwaitu alipoiona mashine hiyo ya tano alisimama. Akamwuliza fundi: "Mwanangu, hii inarudi nyuma?" Fundi akacheka, akasema, "Ndiyo mama, ya kwanza inaenda hivi, hii inarudi hivi." Mwaitu akatugeukia, akapiga paja lake kwa kiganja, mbele na nyuma. Wajumbe wote walielewa bila maneno mengine.

6. Kutuliza na kutia rangi. Uzi mpya una tabia ya kujikunjakunja. Hutiwa mvuke ili utulie. Rangi hutiwa katika pipa kubwa, kiasi fulani cha uzi kwa mara moja. Mwishowe huviringishwa kuwa madonge kwa wanaofuma kwa sindano, au koni kwa wanaofuma kwa mashine.

MAMBO MATATU YANAYOTUPOTEZEA PESA

Baada ya kuzunguka, tulikaa na fundi yule kwa muda. Tuliona kwamba hasara nyingi za vikundi vyetu zinatokana na mambo matatu.

Jambo la kwanza ni namba ya loti. Kila pipa la rangi hupewa namba yake, na namba hiyo huandikwa kwenye karatasi ya koni. Rangi ikitiwa leo na ikitiwa wiki ijayo, hata kwa kipimo kilekile, zinaweza kutofautiana kidogo. Kwenye koni huoni kitu. Kwenye sweta, mbele ikiwa ya loti moja na mkono wa loti nyingine, utaona kwenye jua.

Kikundi kimoja tunachokijua kilipewa kazi ya sweta 120 za shule, rangi ya maruni. Pesa hazikutosha kununua uzi wote, kwa hiyo walinunua mara tatu, kila walipopata kidogo. Siku ya kupeleka kazi, mwalimu mkuu alizipanga sweta uwanjani na kukataa 40. Alisema watoto wataonekana kama wa shule mbili. Kikundi kilikuwa na mkopo wa kulipa mwezi huohuo. Akina mama walilazimika kuuza zile sweta mojamoja sokoni kwa bei ya chini, na wawili wakajitoa kwenye kikundi kwa sababu ya lawama. Hakuna aliyekuwa ameiba. Hakuna aliyefuma vibaya. Ni namba ndogo kwenye karatasi ambayo hakuna aliyeiangalia.

Jambo la pili ni idadi ya nyuzi zilizounganishwa, ambayo mafundi huiita plai. Plai mbili ni nyuzi mbili, plai nne ni nyuzi nne. Uzi wa nyuzi moja tu, usiounganishwa, huwa wa bei ya chini, na wengine huununua kwa sababu hiyo. Lakini kumbukeni paja na mkonge: uzi ambao haujarudishwa nyuma bado unataka kujifungua. Ukifuma sweta nao, kitambaa huvutwa upande mmoja na mshono wa ubavuni huja kukaa tumboni. Mteja atadhani fundi hajui kazi.

Kupima ni rahisi. Kata kipande cha uzi, shika ncha, na uufungue kwa kuuzungusha kinyume. Hesabu nyuzi zinazoachana. Kisha kunja kipande kingine katikati na ukiachilie kining'inie. Kikijikunja sana chenyewe kama kamba, uzi huo haujatulia. Kikining'inia kimya, ni uzi mzuri wa kufumia.

Jambo la tatu ni kujua kama uzi ni sufu kweli. Madukani tumezoea kuita kila uzi wa sweta "sufu". Ukweli ni kwamba uzi mwingi unaouzwa kwa sweta za shule ni akriliki, ambayo hutengenezwa kiwandani kutokana na mafuta ya petroli. Hakuna kondoo hapo. Akriliki huja kiwandani ikiwa safi, haihitaji kuchambuliwa wala kuoshwa kama sufu, ndiyo sababu mojawapo ya kuwa rahisi. Nayo pia huvutwa, husokotwa na kuunganishwa.

Hatusemi akriliki ni mbaya. Haiyumbi ikifuliwa, hailiwi na nondo, na bei yake mzazi anaiweza. Lakini kila moja ina masharti yake. Sufu ikifuliwa kwa maji moto na kusuguliwa hurudi ndogo. Akriliki ikipigwa pasi ya moto hulegea, na haitarudi tena. Anayeuza sweta bila kujua ni uzi gani hawezi kumwambia mama wa mtoto aifue vipi.

Jaribio la kutofautisha ni la moto. Lifanyike nje, mbali na nyasi na nguo, na ndoo ya maji iwe karibu. Shika kipande kifupi cha uzi kwa koleo, usishike kwa vidole, na ukiwashe. Sufu huwaka kwa shida, hunuka kama nywele zilizoungua, hujizima ukiiondoa motoni, na majivu yake husagika vidoleni yakishapoa. Akriliki huwaka haraka, huyeyuka, hutoa moshi mweusi, na huacha donge jeusi gumu. Uzi uliochanganywa utaonyesha dalili zote mbili.

Hapo tuongeze neno moja la usalama. Watoto wetu huota moto jikoni asubuhi kabla ya kwenda shule, tena wakiwa wamevaa sweta. Mmeona vile akriliki inavyoyeyuka. Ikishika moto mwilini hunata kwenye ngozi na kuendelea kuunguza. Basi mama anayeuza sweta amwambie mnunuzi: mtoto asikae karibu na mafiga akiwa na sweta hii. Likitokea jambo, muda wa kwanza mwageni maji baridi kwa dakika 20, msing'oe kitambaa kilichonata, na mumpeleke hospitali.

JE, TUSOKOTE WENYEWE?

Sasa swali la pili. Tulijibu kwa hesabu, kwa sababu hesabu haina upendeleo.

Kwanza, kondoo. Kondoo wengi wa huku kwetu ni wa nywele. Kondoo Mwekundu wa Kimasai ni mnyama mzuri, hustahimili minyoo kuliko wengi, na Dorper aliyetoka Afrika Kusini hukua haraka kwa nyama. Lakini huwezi kupata uzi wa sweta kwao. Kondoo wa sufu kama Merino, Corriedale na Romney Marsh walipendelewa zaidi kule kwenye baridi na malisho mapana, kama Molo, Nyandarua na Laikipia. Kwa hiyo kabla hatujasokota chochote, ingetubidi tununue sufu ya mbali au tubadilishe kondoo wetu.

Pili, kiasi. Tuchukue ile kazi ya sweta 120. Tuseme kila sweta inakula gramu 300. Hiyo ni kilo 36 za uzi. Tuseme wakati wa kuchana na kusokota tunapoteza sehemu moja kwa kumi. Basi tunahitaji kilo 40 za sufu iliyooshwa. Na tukisema kuosha kunaondoa asilimia 40 ya uzito, tutahitaji karibu kilo 67 za sufu mbichi. Kama kondoo mmoja anatoa kilo 3 kwa mwaka, hao ni kondoo 23 kwa kazi moja tu ya shule. Nani kati yetu, kwenye hizi shamba zetu za miteremko, ana malisho ya kondoo 23?

Tatu, muda. Tuseme mama mmoja anaweza kuchana, kusokota na kuunganisha gramu 250 kwa siku kwa mikono yake. Kilo 36 zitamchukua siku 144. Akina mama 12 watamaliza kwa siku 12, kabla hata ya kuanza kufuma sweta ya kwanza. Mashine ya kiwanda haichoki, na bei ya uzi wake dukani haitalipa siku zetu hizo.

Kwa hiyo kwa sweta za shule, jibu letu ni hapana. Lakini hiyo haina maana kwamba kusokota kwa mkono hakuna faida popote. Kule Nanyuki kuna mradi wa Nanyuki Spinners and Weavers, ulioanzishwa mwaka 1977 kama kazi ya kujisaidia ya akina mama kupitia Kanisa la Presbyterian. Wao huanza na sufu, huiosha, huichana, huisokota kwa mikono kwa magurudumu, huitia rangi, na kufuma mazulia na vitu vingine. Mbona wao wanaweza? Angalieni tofauti. Wako karibu na kondoo wa sufu. Hawashindani na sweta ya shule. Wanauza zulia, na mnunuzi wa zulia analipia mkono wa mama, maana anajua hakuna lingine linalofanana nalo kabisa.

Na sisi je, tuna nini ambacho mnunuzi atalipia mkono wetu? Jibu liko pajani. Kiondo cha mkonge uliosokotwa kwa mkono ni kazi yetu, mmea unaota kwenye mipaka ya shamba zetu, na hakuna anayehitaji kutufundisha. Tukitaka kusokota, tusokote hicho. Tukitaka kufuma sweta, tununue uzi kwa akili.

TUFANYE NINI SASA?

Tunashauri mambo haya matano.

Moja, kabla ya kukubali kazi, fuma kipande cha majaribio cha sentimita 10 kwa 10. Kifue vile mama wa kawaida atakavyofua nyumbani, kianike, ukipime tena. Kikibaki sentimita 9, basi sweta ya upana wa sentimita 40 itarudi 36, na mtoto hataiingia.

Mbili, hesabu uzi wote wa kazi na uongeze kidogo kwa dharura. Kwa kilo 36, nunua 38. Nunua wote siku moja, wa loti moja. Muuzaji akikosa kiasi hicho, afadhali mungoje.

Tatu, pesa zisipotosha, vikundi viwili au vitatu viungane kununua. Pia si aibu kumwomba mwalimu mkuu malipo ya mwanzo kwa ajili ya uzi. Mwonyesheni kipande cha majaribio, na muandikiane.

Nne, katibu aandike kwenye daftari: tarehe, duka, aina ya uzi, plai, namba ya loti, kilo na bei. Bandikeni hapo karatasi moja ya koni na kipande cha uzi wenyewe. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Tano, kama tayari mna nyuzi za loti mbili, msizichanganye kovyokovyo. Loti moja itumike kwa mwili na mikono ya sweta yote. Ile nyingine iwe ya sweta za darasa lingine, au fanyeni nayo kofia na soksi.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Koni zilizoko kwenye stoo ya kikundi chetu ni za loti ngapi? Tuzitoe tuziangalie leo.

2. Uzi tunaotumia ni sufu, akriliki, au mchanganyiko? Nani atafanya jaribio la moto, na wapi?

3. Kama kikundi kile cha sweta 120 kingekuwa chetu, tungewaambia nini wale akina mama wawili waliojitoa? Hasara ilikuwa ya nani?

4. Ni kikundi gani jirani tunachokiamini kiasi cha kununua uzi pamoja nacho? Nani ataenda kuongea nao kabla ya mkutano ujao?

5. Kati ya kiondo na sweta, ni kipi kinachotuletea faida zaidi tukihesabu pia siku tunazotumia? Leteni hesabu, msilete maoni peke yake.

Vikundi vitakavyopenda kutembelea kiwanda vinaweza kupanga. Waandikieni wenye kiwanda mapema mkiomba ruhusa, pelekeni watu wachache wanaofuma kweli, na kila mjumbe aende na kipande cha kazi yake mkononi. Fundi wa kiwandani akiona kazi, atajua aseme nini. Na mjumbe akirudi, apewe nafasi ya kufundisha wengine kabla hajasahau.